Taa ya Breki ya Gari la Mwalimu

Simu ilipoita, dada mtu alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva cha gari lisilokwenda popote, akiitazama taa ambayo haikuwaka. Ndivyo alivyoagizwa. Kaka yake, fundi umeme wa magari, alipoondoka asubuhi kwenda hospitali kuonyesha kifua, alimwachia ufunguo na maneno machache: "Usibanduke hapo. Ikiwaka, usiguse kitu. Tazama tu una nini mkononi, na nje kunatokea nini."

Aliyepiga alikuwa wifi yake.

"Wifi, umekaa?"

"Nimekaa."

"Wapi?"

"Kwenye gari la Mwalimu. Nalinda taa."

"Imewaka?"

"Haijawaka."

Wifi akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani, "Basi shuka, uje. Kaka yako ametutoka."

Dada hakushuka mara moja. Aliendelea kuitazama ile taa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Hatimaye akazima ufunguo, akaanza sala, ikampotea katikati, akafunga milango yote ya gari na mlango mdogo wa kabati la vyombo.

Maana gari lile lilikuwa na vyombo. Lilikuwa na jiko la gesi, sinki, na nyuma kitanda cha mbao chenye godoro. Mwalimu mstaafu, aliyemfundisha fundi tangu darasa la kwanza, alilinunua ili yeye na mkewe wazunguke kuiona ile nchi aliyokuwa akiichora ubaoni maisha yake yote. Walifika mbali kiasi cha kurudi tu. Taa nyekundu ya breki iliwaka, ikazimika, ikawaka tena. Breki zenyewe hazikuwa na neno: mafuta yamejaa, pedi nzima. Na gari likiingia gereji, taa inatulia tuli, kama haijawahi kumsumbua mtu.

Jirani yao, fundi bodi, ambaye riziki yake ilikuwa kunyoosha mabati yaliyobonyea, alikuwa na dawa.

"Chomoa balbu, ndugu yangu. Taa isiyokuwepo haiwaki."

"Subiri kwanza," fundi alimjibu.

Neno hilo ndilo lililompa jina. Mtaa mzima ulimwita Subiri. Siku ya ndoa yake, padri alipomuuliza kama anamkubali bibi harusi, alisema, "Subiri kwanza, Padri, kipaza sauti kinakoroma." Kweli kilikuwa kinakoroma. Alikwenda akakitengeneza, akarudi, akakubali. Mama mkwe wake alichelewa sana kumsamehe, na alipomsamehe alimletea pasi iliyokufa.

Maisha yake yote Subiri hakuchomoa balbu ya mtu. Alisema gari likinyamazishwa halijapona. Akiletewa gari, hakufungua kitu kabla ya kumhoji mwenye gari kama daktari: Mvua ilikuwa inanyesha? Ulikuwa mlimani? Umebeba nini? Mwalimu alihojiwa hivyo hivyo, akajibu kila swali kwa sentensi kamili.

"Mnakuwa wangapi garini?"

"Tunakuwa wawili, mimi na mama."

"Mmekaa?"

"Tumekaa," alisema Mwalimu, upesi kidogo kuliko kawaida yake.

Hospitalini wifi aliambiwa kwamba kifua kile hakikuanza jana. Kilikuwa kikija na kuondoka kwa miezi. Jambo hilo lilimtia hasira kabla ya kumliza. "Watu wote anawahoji," alimwambia dada, wakiwa wamekaa kwenye mkeka. "Yeye nikimuuliza, sijambo. Sijambo! Sasa ona hiyo sijambo yake." Dada alimshika mkono.

Gereji ilikuwa mbele ya nyumba, kwa hiyo msiba ulikaa gerejini. Mafundi walisogeza injini na mapipa ukutani, wakapanga viti. Gari la Mwalimu lilibaki katikati. Kesho yake asubuhi Mwalimu alikuja na mkewe, akampa pole mjane, akaomba heshima moja: gari lake limbebe mwanafunzi wake kwenda makaburini.

"Ahsante, Mwalimu," alisema wifi. "Lakini mume wangu habebwi na gari lenye ugonjwa wa taa ya breki. Hata kama haoni."

"Basi jambo dogo," alisema fundi bodi, akitoa bisibisi mfukoni. "Nachomoa balbu, yamekwisha."

Dada akasimama. "Usiiguse."

"Dada, mimi nasaidia."

"Najua. Lakini kaka hakuchomoa balbu ya mtu. Ukiichomoa leo, kazi yake ya mwisho inakuwa uongo, na sisi tunamlaza humo humo ndani ya uongo wake. Niache mpaka kesho asubuhi. Ikishindikana, tutakodi gari jingine, na hili litaondoka kama lilivyokuja, na balbu yake."

"Utaitafuta wewe?"

"Nimemshikia tochi tangu alipofungua gereji hii. Nitatafuta."

Akatafuta mchana kutwa. Alifuata nyaya kwa vidole kutoka mbele hadi zilipozama chini ya mbao za sakafu. Akakanyaga breki, akavuta handibreki, akagonga dashibodi. Handibreki ikivutwa taa iliwaka, ikishushwa ilizimika, kama kawaida; zaidi ya hapo haikumjali. Alimwomba Mungu pia, kwa ufupi, akisema hamwombi muujiza, anaomba waya tu.

Mwishowe watu wakawa wengi, ikabidi turubai lipanuliwe, akaambiwa alisogeze gari. Akapanda, akageuza ufunguo, injini ikaunguruma, akashusha handibreki. Taa ya breki ikabaki inawaka, nyekundu.

Hakugusa kitu. Mkononi alikuwa na leso. Nje, vijana walikuwa wakivuta kamba za turubai. Akatazama, asione la ajabu. Ndipo akasikia mtu anakoroma nyuma yake.

Alikuwa shangazi yao, mwanamke wa mwili wa kutosha, aliyekuwa amesafiri tangu alfajiri na kukiona kitanda kitupu.

"Shangazi! Shuka."

"Nishuke niende wapi? Mgongo huu si wangu tena."

"Kidogo tu."

Shangazi akashuka, akimlalamikia Mungu na ngazi. Taa ikazimika.

"Panda."

"Mwanangu, majonzi yamekupanda kichwani?"

"Panda, Shangazi, nakuomba."

Akapanda, akajilaza. Ikawaka.

"Shuka."

"Sishuki! Mimi ndoo ya kisimani?"

Fundi bodi akaja mbio, akalala yeye. Taa haikuwaka.

"Wewe huna uzito," alisema Shangazi, ambaye sasa alikuwa ameanza kuona fahari. "Nipishe."

Wakanyanyua mbao za sakafu. Mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umepenya mbao hizo na kusimama juu ya waya wa ile taa, uendao kwenye breki za nyuma. Ngozi ya waya ilikuwa imechubuka. Kitanda kikilemewa, waya unagusa bati, na taa inawaka. Kikiwa kitupu, hakuna neno.

Dada akamwita Mwalimu pembeni.

"Mwalimu, unisamehe, nakuuliza jambo la ndani. Mama huwa anakaa wapi mkiwa safarini?"

Mwalimu akavua miwani. "Huwa analala. Anasema nikiendesha mimi, heri asione."

"Mbona hukumwambia kaka?"

"Ningemwambiaje? Mtoto niliyemfundisha kuandika, nimweleze habari za kitanda cha mke wangu? Aliponiuliza kama tumekaa, nikasema tumekaa. Zaidi hakuuliza."

"Asingeuliza. Hata kukikalia hakukikalia. Alipima gari zima, akaruka hapo. Kitanda cha mwalimu wake."

Mwalimu alitaka kujibu kwa sentensi kamili, ikakataa. Akalia pale pale, amesimama wima, miwani mkononi.

Dada aliuvisha waya utepe, akausogeza mbali na mguu wa kitanda, akaufunga kwenye ukuta wa gari. Shangazi alipandishwa tena na tena kuhakikisha, na mara ya mwisho hakuna aliyemwomba. Taa haikuwaka. Fundi bodi akarudisha bisibisi mfukoni. Wifi alisogea dirishani, akaitazama dashibodi, akasema, "Haya. Abebwe."

Kesho yake, baada ya misa, walilaza jeneza juu ya kitanda na kulifunga kwa mikanda. Mwalimu aliendesha polepole, dada akiwa kando yake na wifi nyuma. Balbu ilikuwa mahali pake, na haikuwaka njia nzima.

Makaburini, padri alibariki kaburi na kuongoza sala. Mafundi wa mtaa walishusha jeneza kwa kamba. Wifi alitupa udongo wa kwanza, dada akafuata. Alisema, "Kwaheri, kaka. Mungu akupokee," kisha akampisha Mwalimu. Kaburi likafukiwa, msalaba ukasimikwa, wakaimba wimbo mmoja, wakarudi nyumbani.