Wiki ya Mionzi

Nikisikia harufu ya limau lililokatwa, namwona mama akilimumunya chumbani, kama alivyoagizwa hospitali. Alikuwa amerudi Morogoro kutoka Dar es Salaam, alikomeza dawa ya mionzi kwa ajili ya tezi la shingo.

"Ishia hapo mlangoni," aliniambia. "Mionzi haijaniisha mwilini, itakudhuru. Wiki moja tu, mwanangu."

"Vumilia," alisema bibi, aliyeshuka kutoka Uluguru kuja kunilea. "Utamkumbatia mpaka akufukuze."

Siku ya nane bibi alinivalisha gauni la mtumba. Mama alitoka chumbani, akaja uani, akanyoosha mikono. "Haya, njoo!"

"Shikamoo, mama," nilisema, nikabaki nimesimama mbali, kama nilivyozoea.

Mama alisubiri kidogo, kisha akaishusha mikono.

"Marahaba," aliitikia.

Namshukuru Mungu, alipona kabisa.