Alama Nyekundu Niliyoipaka Chokaa

Nyumba yetu ya Majengo, mjini Embu, ilikuwa ya matofali mabichi ambayo baba yangu aliyafyatua mwenyewe, na kwa sababu hiyo nilidhani haiwezi kunifanyia ubaya. Mimi nilikuwa mchinjaji. Mbuzi wa Ishiara nilimjua umri kwa kumtazama meno tu, lakini habari za kuta sikuzijua na sikutaka kuambiwa. Vyumba vilikuwa vinne. Viwili tulikaa mimi, mke wangu na watoto. Cha tatu niliweka ngozi. Cha nne, cha pembeni, nilimpangisha mama mmoja fundi wa cherehani kutoka Gachoka.

Alikuwa mjane, mtu wa kanisa kila Jumapili, na maneno yake yalikuwa machache. Watoto wake wawili walikuwa kwao kwa nyanya yao, wakisoma kwa kazi ya mkono wake. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni, na mtu hakukaa mjini bila kibali. Kibali cha mama huyo kilitegemea cherehani ile. Alishona sare za shule, akahesabiwa kuwa mtu mwenye kazi. Asipokuwa na kazi, alirudishwa kwao, na watoto walitoka shule. Haya nilikuwa nayajua vizuri, asije mtu akanitetea.

Ramadhani ilikuwa inaelekea ukingoni bwana afya alipopita kukagua nyumba. Alikuwa kijana wa Kimeru, kaptura yake imenyooka kwa pasi ya makaa. Aliona ufa kwenye ukuta wa chumba cha pembeni, akaingiza vidole vikazama mpaka kwenye vifundo. Hakunigombeza. Alipaka msalaba mwekundu ukutani kwa nje, akabandika karatasi mlangoni, akaenda zake. Karatasi ilikuwa ya Kiswahili chepesi: mwenye nyumba auvunje ukuta au auegemeze kwa nguzo, na mpangaji asikae wala asilale chumbani humo mpaka pakaguliwe tena.

Niliisoma mara mbili, nikaielewa yote.

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba nguzo hazikupatikana. Ni kweli. Nguzo zilitoka msituni, na msitu ulikuwa umefungwa. Mtu akionekana humo alipigwa risasi bila kuulizwa. Lakini karatasi ilikuwa na amri mbili, na ile ya pili haikuhitaji nguzo. Ilihitaji nimhamishe mama yule. Chumba cha ngozi kilikuwa kizima, ukuta wake imara. Ningezitoa ngozi nikazitundika uani chini ya bati, kazi ya asubuhi moja. Sikuzitoa kwa sababu mvua ya upepo ingezilowesha hata chini ya bati, na mke wangu angelalamika kuhusu harufu. Sababu yenyewe ndiyo hiyo, ngozi za mbuzi. Naona aibu hata kuiandika.

Nitasema na jingine, si kwa kujitetea. Wakati ule karatasi za serikali zilitujia kila kukicha: saa ya kuwa ndani, soko kufungwa, mifugo isivushwe mto bila ruhusa. Tulizichukia zote kwa pamoja. Jirani yangu mwenye duka alikuwa akizibandua na kufungia watu sukari, na sisi wenye nyumba tulicheka tukamwona shujaa. Kutenganisha karatasi ya kutubana na karatasi ya kutuokoa hakukutushinda. Hatukujaribu tu.

Na ule msalaba ulinikera. Homgadi, askari mgambo wa serikali, akipita alisimama kuutazama. Wateja waliniuliza nimefanya nini hata nyumba yangu ikatiwa alama. Mimi nilikuwa mtu wa majivuno. Idi ilikuwa imekaribia, na desturi yetu Majengo ni kwamba kabla ya Idi kila nyumba inapakwa chokaa. Nani angenishuku? Mvua ilipotupa nafasi ya siku mbili nilibandua karatasi, nikakoroga chokaa kwenye debe.

Mama wa cherehani alitoka akasimama kando yangu.

"Mzee, hii alama nyekundu ni ya nini?"

"Wanahesabu nyumba, mama. Si unawajua na kuhesabu kwao."

"Na ile karatasi?"

"Ni mambo hayo hayo tu."

"Basi ni sawa. Mimi kusoma sijui."

Akachukua ndoo akaniletea maji kutoka bombani. Halafu akaomba brashi. Mimi nilipaka juu, yeye akapaka chini, na chokaa iliponirukia ndevuni alinicheka mpaka akaketi. Ilibidi nipake mara tatu ndipo wekundu ukapotea.

Wiki moja baada ya Idi mvua ilishika siku tatu mfululizo. Siku ya tatu, baada ya swala ya adhuhuri, nilikuwa buchani nikikata mbavu niliposikia kishindo kizito, kama gunia la mahindi limeanguka kutoka kwenye lori. Nilijua kabla sijafika. Ukuta ulikuwa umelala ndani ya chumba, na mkono wa kulia wa mama yule ulikuwa chini ya matofali pamoja na gurudumu la cherehani. Tulifukua kwa mikono, mimi, mke wangu na majirani. Hakupiga kelele. Alikuwa akiuliza tu kama sare alizokuwa akishona zimechafuka.

Hospitalini walimkata vidole viwili. Vilivyobaki vilikauka, havikuweza tena kushika sindano.

Siku chache baadaye bwana afya alikuja wodini pamoja na ofisa mmoja Mzungu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda na birika la uji. Yule ofisa aliuliza ni nani aliyeifunika alama ya serikali. Kwa kosa kama hilo, miaka ile, mtu aliweza kuchukuliwa na asionekane kwa miezi. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini mama yule alinitangulia.

"Hiyo chokaa ni mimi nilipaka," alisema. "Nilitaka nyumba ikae safi ya sikukuu. Huyu mzee hakuwa hapo. Alikuwa ameenda Ishiara kununua mbuzi."

Ofisa akanigeukia. "Ni kweli?"

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Bwana afya alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaandika kwenye kitabu chake. Walipotoka nilimuuliza mama yule kwa nini amefanya vile. Alikuwa ameangalia dirishani.

"Wewe uko na watoto watano, mzee. Wakikupeleka watakula nini? Na brashi si nilishika kweli?" Akavuta blanketi kwa mkono wa kushoto. "Mgonjwa wa kitanda hiki cha karibu amenieleza vile karatasi kama hizo husema. Ungeniambia tu. Ningeenda kukaa kanisani."

Nilimmiminia uji.

Kibali chake kilifutwa. Mkono haukuwa na kazi, na juu yake aliandikwa kosa la kuharibu alama ya serikali, kosa langu mimi. Siku ya kuondoka nilimpandishia mizigo kwenye lori la Gachoka: godoro, sufuria, na cherehani yenye gurudumu lililopinda. Nilimpa mguu wa mbuzi uliofungwa kwa majani ya mgomba. Aliupokea kwa mkono wa kushoto, akanishukuru. Nilisikia baadaye kwamba watoto wake waliacha shule muhula huo huo, mkubwa akaenda kuchunga.

Sikwenda kumwona. Mwanzoni nilijiambia kwamba kibali changu cha safari ni cha Ishiara peke yake. Hali ya Hatari ikaisha, vibali vikaisha, na bado sikwenda. Niliogopa kwamba angenikaribisha.

Ukuta niliujenga upya, wa mawe, msingi wenye kina kile walichotaka watu wa afya, ruhusa ya kujenga mfukoni. Tangu hapo kila tangazo lililobandikwa mjini nililisoma mpaka mwisho, na amri iliyonihusu niliitimiza siku hiyo hiyo. Choo kifunikwe, nilifunika. Mfereji uzibuliwe, nilizibua kabla ya chai.

Mwaka uliofuata wenye nyumba wote tuliitwa kwenye baraza. Yule ofisa alizungumza juu ya uzembe wetu, jinsi tunavyofungia sukari katika amri za afya, na jinsi mama mmoja mjinga alivyouponza mkono wake kwa kufunika alama asiyoielewa. Kisha akanyoosha kidole, akaniita kwa jina la baba yangu, akaniambia nisimame watu wanione. Huyu, alisema, ndiye mwenye nyumba anayetii tangazo. Wakanipigia makofi. Nikasimama, nikavua kofia, nikawashukuru.