Kabla ya Kuhamia Mirihi

Juzi dukani Garsen mwalimu mmoja wa kike aliomba puto, mirija na uzi.

"Harusi ya nani?" akauliza mwenye duka.

"Roketi."

Papo hapo mwalimu akapitisha uzi ndani ya mrija, akaufunga toka mlangoni hadi kaunta, akapuliza puto, akalibandika kwenye mrija kwa selotepu, akaliachia. Fyuu! Likapita juu ya magunia ya mchele.

Mfugaji mmoja, baba wa mwanafunzi wake, akakunja uso. "Mwalimu, huko juu kuna ng'ombe?"

"Mzee wangu, mkitaka kuhama mnaanza na nini?"

"Tunatuma mtu mbele, aone maji na nyasi."

"Basi na wanasayansi wametuma chombo sayari ya Mirihi, kione maji."

Nimekaa semina nyingi za elimu, zenye projekta na chai ya maziwa. Sijaona somo likiingia upesi hivyo.

"Kimepata?" Mzee alikuwa ameshusha fimbo yake toka begani.

"Kimekuta mito iliyokauka zamani."

Akasikitika kama aliyepata habari za jirani. "Waambie wasihame."

"Mimi watanisikia wapi?"

Akaliokota puto, akamrudishia kwa mikono miwili. "Basi mfundishe binti yangu. Ataenda kuwaambia."