Fundi Aliyewaambia Wajifunike

Jina la khanithi sikupachikwa na adui. Nililichukua mwenyewe nikiwa kijana, na mpaka leo, mvi zimenijaa, sijalitupa. Hapa Maskati ndilo jina la mwanamme wa namna yangu: anavaa kanzu ya rangi iliyobana kiunoni, anaimba harusini, anakaa na wanawake nao hawamfichi nywele zao. Wengine hulitumia kama tusi. Mimi nilikula nalo, nikaheshimiwa nalo.

Katika miaka ya tisini tulikuwa watu wanne, tukikutana kwangu Matrah kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Mlango ukishafungwa, kila mtu alivaa alichokipenda: dera, kanga, vikuku. Nguo hazikutugombanisha. Tuligombania majina. Karani mmoja alitaka tujiite kwa neno la Kiingereza alilolisoma kwenye gazeti la nje. Mwengine alisema yeye ni mwanamke, basi, wala hataki mjadala. Wa nne alikuwa fundi wa magari kule mtaa wa Ghala, mabega mapana, sharubu nene. Alikuwa akivaa dera lake la maua, anakunywa chai, analivua, anakwenda zake.

"Wewe hasa ni nani?" nikamuuliza siku moja.

"Fundi."

"Yakhe, nnakuuliza ukishavaa dera."

"Fundi aliyevaa dera."

Karani alicheka hata akamwaga chai. Mimi sikucheka. Niliona anataka raha ya nguo bila lawama ya jina.

"Sisi tunazomewa sokoni," nikamwambia. "Wewe unakuja kuazima vikuku vyetu, kisha unarudi kwenye uanamme wako!"

"Mimi napenda nguo, na napenda mwanamke. Nimeposa, na posa imekubaliwa. Haya ya nguo nitamweleza mwenyewe kabla ya ndoa, kwa kinywa changu. Jina lako zuri, ila si langu."

Jibu lile lilinikera mno. Haukupita muda nikaitwa kuimba mchana kwenye hina ya biharusi, nyumba moja ya Mabela. Nikamwomba fundi anichukulie ngoma. Nikamwazima kanzu yangu ya rangi ya waridi, aliyokuwa akiitamani siku nyingi, nikamwambia wabeba ngoma hukaa barazani, hawaingii kwa wanawake. Nilimdanganya. Niliamini akishaingia ndani, wanawake wakampokea kama wanavyonipokea mimi, atajijua ni nani na ubishi utakwisha.

Mama wa biharusi alitupokea mlangoni. "Karibuni, karibuni! Na huyu?"

"Mwenzangu."

Hakuuliza zaidi. Akafungua pazia, nami nikamsukuma fundi kwa mgongo. Chumba kilijaa wanawake, nywele wazi, mikono imenyooshwa na hina bado mbichi. Fundi aliona mara moja, akageukia ukuta.

"Jifunikeni, mama zangu. Mimi mwanamme."

Zogo likazuka. Wenye hina mbichi hawakuweza kushika mitandio. Wakajificha kwa viwiko na nyuma ya migongo ya wenzao. "Mwanamme! Na kanzu hiyo ya waridi?" akapiga kelele bibi mmoja. "Mwanamme gani wewe, baba?"

Ndipo aliposimama mwanamke mmoja wa makamo, akamtazama vizuri. Alikuwa shangazi wa mchumba wake. "Huyu si mposaji wetu?" Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyemleta. Ni mwenzako au si mwenzako?"

Ningeweza kumwokoa kwa sentensi moja. Lakini ningekiri kwamba nimeingiza mwanamme kusudi mbele ya wanawake wasiojifunika, hakuna nyumba ambayo ingenifungulia pazia tena. Nikasema: "Kaniambia mwenyewe kuwa ni mwenzangu."

Wiki ile ile posa ilirudishwa. Yule binti alihadithiwa na shangazi yake habari ambayo fundi alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia, na alihadithiwa pamoja na uongo wangu.

Nilikaa kimya miaka miwili, nikiimba. Sikuonewa na mtu katika hili, nilitenda mwenyewe. Mwisho nilikwenda kwa shangazi nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo siku ile," akasema, "katika wanaume wawili walioingia, yeye ndiye aliyetuhishimu. Binti keshaolewa. Lakini nitamwambia."

Kutoka pale nikaenda Ghala. Fundi alikuwa chini ya gari. Alitoka, akafuta mikono, akanisikiliza akiwa amesimama.

"Atamwambia kweli?"

"Kaahidi."

"Basi. Kwamba sikumdanganya, hilo nilitaka alijue." Akaniangalia kidogo. "Na wewe, watakuita tena kuimba?"

"Sidhani. Shangazi hatanyamaza, na ana haki."

"Pole, mzee," akasema, wala hakuwa akinikejeli. Kisha akalala chali, akajisukuma tena chini ya gari.