Padeli, Pikoboli na Goti la Mama Watoto

Daktari alipomaliza kumbonyezabonyeza mke wangu goti, alimwambia tenisi basi. Kutembea ruksa, kuogelea ruksa, lakini kule kukimbia na kufunga breki ghafla, goti lile halitaki tena. Mke wangu ni nesi mstaafu, akaitikia tu kwa kichwa. Aliyebisha ni mimi. Niliuliza kama hawezi kucheza taratibu, daktari akacheka. "Mzee, huyu mama namfahamu. Hajui kucheza taratibu." Nilitoka pale nimenuna utadhani goti ni langu.

Mimi ni mtu wa Mbeya. Nilipopangiwa kuja kufundisha Mtwara nikiwa kijana, ndugu zangu waliniaga kwa machozi, kama vile nimehukumiwa. Kumbe huku nilikuwa nasubiriwa na nesi wa kutoka Iringa, mpole wa sura tu, na uwanja mmoja wa tenisi wa zamani, sementi imepasuka, wavu umeungwaungwa kwa kamba za wavuvi. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika raketi, na sikumaliza mwaka kabla hajaanza kunichapa. Jumamosi ambazo hakuwa na zamu, tulikuwa pale. Tulicheza tukiwa tumefiwa, tukicheka, tukiwa tumenuniana. Tukinuniana ndiyo tulicheza vizuri zaidi.

Nyumbani kwetu Rahaleo watu hawaishi. Kuna ndugu waliokuja kutafuta kazi bandarini, kuna wanafunzi wangu wa zamani, kuna jirani anayetaka nesi amwangalie mtoto kidonda. Wote nawapenda, lakini ukitaka kuzungumza na mke wako mpaka upange foleni. Saa ile ya uwanjani ilikuwa yetu peke yetu. Sasa goti limekuja kuila, na mimi sikuwa tayari kuiachia.

Yeye alilichukulia kawaida, na hilo ndilo lililonikera. Jumamosi akawa anaenda mazoezi ya kwaya, raketi akaipandisha juu ya kabati pamoja na masufuria ya shughuli. Siku moja nikamsikia uani anamwambia binti wa jirani aje aichukue, maana yeye hana kazi nayo. Nikaingia chumbani, nikawapigia simu watoto wetu wawili, mmoja baada ya mwingine, nikawaambia mama yenu anagawa vitu vyake kama mtu anayehama.

Binti yetu anaishi Dar es Salaam. Akaniambia, "Baba, tulia. Kuna padeli." Kaka yake anafanya kazi Arusha. Yeye akasema kuna pikoboli. Kila mmoja akaniapia kwamba mchezo wake ni kama tenisi, ila una huruma na magoti, maana uwanja ni mdogo na mpira unaanzishwa kwa mkono wa chini, hakuna kurusha bega juu. Wakaanza kubishana kwenye kundi la familia la WhatsApp, picha kwa picha, mpaka shangazi yao akauliza kama kuna mtu kafariki.

Nanenane walikuja wote wawili, kila mmoja na mkoba wake. Walimwaga vitu juu ya meza ya sebuleni, na mimi nikavikagua kimoja kimoja. Vibao vya kupigia mpira vyote havina nyuzi. Cha padeli ni kinene, kimetobolewa matundu, na mpira wake ni wa manyoya kama ule wetu wa tenisi, umelegea kidogo tu. Cha pikoboli ni chembamba, laini, hakina hata tundu moja, ila mpira wake ni wa plastiki na ndio uliojaa matundu. Nikawauliza kama waliotunga michezo hii walikuwa ndugu waliogombea matundu kwenye urithi.

"Chagueni wenyewe," mke wangu alisema kutoka jikoni, anachambua kisamvu. "Mimi nimeshastaafu mara mbili."

Mimi nilikuwa nimeshachagua padeli, na sababu zangu zilikuwa nzuri. Padeli huchezwa wawili kwa wawili. Mke wangu angekuwa upande wangu, mimi ningekimbia kwa niaba ya goti lake, yeye angebaki na yale ya karibu. Tatizo ni kwamba padeli inataka kuta. Uwanja wake umezungushiwa vioo, na mpira ukishadunda chini unaruhusiwa kugonga ukuta wa nyuma yako, nawe ukauwahi ukaurudisha. Hilo ndilo wengi wanalolipenda. Vioo vya namna hiyo Mtwara nitavitoa wapi?

Nikakumbuka kijiji cha Mpapura. Nina rafiki yangu kule, mkulima wa korosho, nilimfundisha mwanawe. Nyuma ya ghala lao kuna sakafu kubwa ya sementi ya kuanikia korosho, imeishia kwenye ukuta wa ghala, na Agosti msimu unakuwa bado, sakafu iko tupu. Nikampigia. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akasema, "Njooni, mwalimu, ila mlango wangu wa bati muuogope."

Mke wangu alikubali kwenda kwa sababu ya muhogo wa Mpapura, si kwa sababu yangu. Tulifunga wavu kati ya mapipa mawili. Ukuta ulikuwa mmoja, watoto wakatuachia sisi wazee, wao wakakaa upande wa pili. Binti akatupanga: mama kushoto, baba kulia, hesabu ya pointi ni ileile ya tenisi, twende.

Wacha nikwambie, nilicheza. Mpira ukija kulia, wangu. Ukija katikati, wangu. Ukija kushoto kwa mama watoto, nilipita mbele yake nikipaza sauti, "Acha, acha, nauona!" Ukitupita, uligonga ule mlango wa bati kwa kishindo, kuku wakaruka, na mwenye ghala akapiga kofi la furaha. "Mwalimu, mke wako umemwekea mlinzi?" aliuliza. Nikacheka. Nilikuwa nahema, jasho linanitiririka mgongoni, nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Mke wangu aliweka kibao chake chini, polepole, akaenda kukaa juu ya magunia kando ya ukuta.

"Goti?" nikauliza.

"Goti liko salama. Wala halijui kama limetoka nyumbani." Akanikata jicho. "Umenitoa Rahaleo uje unisimamishe juani? Si ungeniacha na kisamvu changu! Mgonjwa ni goti, baba, mimi ni mzima."

Hakuna aliyecheka. Mwenye ghala akakumbuka kwamba kuna kitu alikisahau nyumbani kwake. Mimi nilisimama na kile kibao cha matundu, nikajiona nimemaliza kila kitu kwa mkono wangu. Nilijua atarudi nyumbani, atampelekea binti wa jirani raketi yake mwenyewe, na Jumamosi zitakuwa za kwaya mpaka tunazikwa. Roho iliniuma, sisemi uongo.

Kijana wetu alichukua majivu jikoni kwa mwenye ghala, akachora uwanja mdogo katikati ya sakafu, mbali na ukuta. Halafu akaanza kumweleza mama yake, yeye peke yake, kana kwamba mimi sipo. Pikoboli haina habari ya ukuta. Mpira ukipita mstari umepita. Anayeanzisha ndiye anayeweza kupata pointi. Mbele ya wavu, pande zote mbili, kuna kieneo wanachokiita jikoni, na ukisimama humo huruhusiwi kupiga mpira kabla haujadunda.

"Kwa hiyo baba yako hawezi kuja kukaa kwenye wavu anipigie kelele?"

"Hawezi, mama. Na mnaweza kucheza wawili tu. Wewe na yeye."

Akainuka. Alipita pembeni yangu bila kuniangalia, akasimama upande wa pili.

Ule mpira wa plastiki ni mchokozi. Ukiupiga unasema ko! na kwa upepo wa kusi wa Agosti unatoka ukielekea kwa mtu na kuishia kwa jirani. Nilipiga kwa nguvu zangu za tenisi, ukaning'inia hewani, ukarudi nusu ya njia. Mke wangu aliuelewa upesi. Hakukimbia hata mara moja. Aliugusa tu, ukaanguka upande wangu mle jikoni, mimi nikajitupa. Akaugusa tena kona ya nyuma, nikarudi mbio kinyumenyume huku shati limechomoka. Binti alikuwa anapiga vigelegele. Mama yake uso ulikuwa umekunjuka namna ambayo sikuiona tangu siku ya daktari, na kila nikikosa alitoa kile kicheko chake kifupi cha puani, kilichokuwa kikiniudhi ujanani. Alinifunga vibaya sana.

Tukapumzika, tukala muhogo. Watoto wakauliza waache mkoba upi Mtwara. Nami kwa kichwa changu kigumu nikasema padeli bado ni nzuri, nitajifunza kumwachia mipira yake, na tukiwa upande mmoja naweza kumsaidia goti likileta shida.

Mke wangu alimaliza kutafuna kwanza.

"Baba watoto," akasema, na sauti yake haikuwa na ugomvi tena. "Upande wako nimekaa maisha yangu yote. Kwenye misiba nilikuwa pembeni yako, kanisani pembeni yako, kwenye mji huu tuliokuja wote wageni, pembeni yako. Sijachoka, na sitoki. Lakini mtu akiwa pembeni yako humtazami, unatazama mbele. Leo pale ukutani umenilinda na hujaniangalia hata mara moja." Akajipangusa mikono kwenye kitenge. "Mimi tenisi sikuipendea mpira. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku unayonitazama."

Watoto wakaanza kufungua kamba za mapipa kwa bidii, ingawa hakuna aliyewatuma. Mke wangu akawaambia waziache hapohapo, akashika kibao chake, akaingia uwanjani.

Nikaenda upande wa pili wa wavu, nikasimama, nikamtazama. Akanivumilia kidogo, kisha akasema nifute machozi, nianzishe mpira.