Siku Niliyosusa Shati la Majogoo

Mpaka leo nikishuka mwaloni Kibirizi, pale boti za ziwani zinapopakia, kuna wapagazi wanaoniwikia kama jogoo, na mimi nawapungia mkono tu, maana nikinuna watazidi, na isitoshe aibu ile niliitafuta mwenyewe.

Nilikuwa nimerudi kwa shangazi yangu, mtaa wa Katubuka, baada ya kuzunguka (Bujumbura, Uvira, Mpulungu, kote nimelala, shule niliiacha darasa la sita lakini miguu iliendelea kusoma), na jioni moja kwenye kahawa mzee mmoja akasema nchi inayoagiza hata vijiti vya meno kutoka nje itachelewa sana. Maneno yale yaliniingia. Nikaamua pale pale kwamba cha nje sigusi tena, nikaacha dawa ya meno nikakata mswaki wa mti, nikaanza kuogea sabuni ya mawese, na kwa siku mbili nikajiona mtu mzito.

Siku ya tatu akaja Mama Furaha. Huyu ni mfanyabiashara wa Uvira, Kongo, ananunua dagaa wa shangazi miaka mingi na akija analala kwetu. Safari iliyotangulia aliugua malaria, nikamwachia kitanda changu nikalala kwenye mkeka. Basi asubuhi ile, mwaloni pamejaa watu na magunia ya shangazi yamepangwa yakisubiri boti, akanitolea shati la kitenge alilonishonea, lina majogoo makubwa mbele na nyuma.

"Kwa ajili ya kile kitanda, mutoto yangu."

Ningesema asante, yangeishia hapo. Mimi nikapanda juu ya gunia.

"Mama, nashukuru, lakini bidhaa za kigeni nimezisusa!"

Watu wakageuka. Nilipoona nasikilizwa nikaongeza (ndio ugonjwa wangu) kwamba Mtanzania wa kweli havai cha Kongo, kwamba sisi huku tunalala mapema tuwahi kazi, wao wanacheza muziki mpaka alfajiri. Sikusema kwamba kule Uvira nilikuwa nacheza nao.

"Hebu geuka, bwana mkubwa!" mpagazi mmoja akapaza sauti. "Geuka tukusome mgongoni!"

Nilikuwa nimevaa jezi ya mtumba ya timu ya Ulaya, jina la mchezaji wa huko limeandikwa bega hadi bega. Mwalo mzima ukacheka.

Mama Furaha hakucheka. Alilikunja shati taratibu, akalirudisha mfukoni.

"Hakuna mubaya. Basi na miye leo sinunui dagaa ya kigeni."

Wenzake aliokuja nao kwenye boti wakafunga pochi zao, na kicheko kikakatika. Yale magunia ndiyo yalikuwa mabati ya nyumba yetu, mvua zimeshaanza na paa linavuja mpaka kwenye kitanda kile kile. Shangazi hakugomba, akanipa simu yake.

"Rama, mpigie huyo Mtanzania wako wa kweli. Mwambie aje anunue."

Nikashuka kwenye gunia, nikapiga magoti mchangani.

"Nisamehe, mama. Mdomo ulinitangulia."

Aliniangalia mpaka magoti yakaanza kuuma. "Ulipokuwa unakula kwangu Uvira, hukuuliza muhogo umetoka inchi gani." Akatoa shati. "Nitanunua. Lakini utapakia weye, yote, na utapakia umelivaa."

Nikalivaa. Lilinikaa vizuri (na hilo ndilo liliniuma zaidi). Nikabeba gunia baada ya gunia, kila nikikanyaga ubao wa boti wapagazi wote wanaitikia, "Kokorikooo!", mpaka Mama Furaha naye akashindwa kujizuia, akacheka huku anafuta machozi kwa ncha ya kitenge, na hapo ndipo nikajua nimesamehewa.

Paa tuliezeka. Sabuni ya mawese bado naogea, kwa sababu naipenda. Ila kususa kwa hotuba nimeacha, na siku hizi maneno matamu ya kwenye kahawa yakiniingia, kabla sijafungua mdomo nampa mgongo aliyekaa jirani nimwombe anisomee kumeandikwa nini.