Shuka za Siku za Katikati

Korbinian Stadler aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni shuka iliyoanikwa. Mtu mzima, mabega mapana, muuguzi wa wazee aliyekwisha kufumba macho ya maiti wengi kwa vidole vyake mwenyewe. Lakini akisikia kitambaa kibichi kikipigwa na upepo, anakosa raha kabisa.

Kijijini kwao, milimani kusini mwa Bavaria, kazi yake ilikuwa kichekesho cha kudumu. "Korbi, sketi umeiacha wapi?" wanaume walimuuliza kilabuni. "Nimemwazima mkeo," alijibu, wakacheka, wakanywa. Hayo hayakumuuma sana. Lililomuuma lilianzia nyumbani, kwani mama yake, Kreszenz, ndiye aliyemfukuza utotoni kutoka chumba cha kufulia. "Toka hapa! Mwanamume akishika sabuni, ndevu hazioti." Ndevu ziliota, tena nyingi, na Kreszenz alipougua asiweze kuinuka, huyo mwenye ndevu ndiye aliyeacha kazi mjini akarudi kumwogesha.

Sasa, kuna zile siku za katikati, kati ya Krismasi na sikukuu ya Wafalme Watatu, tarehe sita Januari. Wanaume huzunguka nyumba na zizi wakifukiza ubani. Hilo Korbinian alifundishwa na baba yake, na hakukosea. Sheria ya pili ilikuwa ya wanawake, walionong'onezana wakikamua nguo: usianike kitu, hasa cheupe, maana wafu hupita hewani siku hizo, na wakinasa kwenye shuka, shuka hiyo humrudia mwenyewe ikiwa sanda. Nani angemwambia, naye alifukuzwa mlangoni?

Katika siku hizo mama alilowesha kitanda. Korbinian akafua, akaanika nyuma ya nyumba shuka mbili nyeupe pe. Jirani yao, bibi Walburga, akaja mbio bila hata koti.

"Una wazimu? Anua! Anua upesi!"

"Mama Walburga, mgonjwa wangu anasumbuliwa na moyo, si na kamba ya nguo."

Walburga akaingia chumbani kwa mgonjwa, akatoka kimya, akaenda zake.

Kreszenz alifariki kabla ya sikukuu ya Wafalme. Shuka zilikuwa bado kambani, zimeganda kwa baridi. Makaburini Walburga akasema mbele ya watu wote, "Ndiyo hayo. Mwanamume akiingilia kazi za wanawake, anafua sanda." Safari hii hakuna aliyecheka.

Uuguzi ukamshinda. Akaingia msituni kukata miti, na wale wa kilabuni wakampongeza eti sasa amekuwa mwanamume, wapuuzi wale. Huko msituni, mchana kweupe, hewa imetulia, alisikia shuka: pa, pa, pa. Alirudi nyumbani akaikata kamba. Sauti ikabaki.

Mwaka ukazunguka. Katika siku zile zile Walburga akaanguka jikoni kwake, na wanawe watatu, madume hasa, wakampa pole kwa simu. Ikabidi amwite Korbinian. Akaenda, akamwogesha, akambadilishia kitanda, akafua. Kisha akasimama mlangoni na shuka mbichi mikononi, asivuke kizingiti.

"Anika," Walburga akasema.

"Wewe? Uliyonisema kaburini umeyasahau?"

"Siku ile mama yako alikuwa anaziangalia dirishani. Aliniambia, 'Mwache, Burgi. Sheria naijua. Maisha yangu yote nimeanika za watu. Hizi mwanangu amenifulia mimi. Acha nizitazame.'"

Korbinian akamgeukia.

"Mwaka mzima, Mama Walburga. Mwaka mzima umeniacha niamini kwamba nimemuua."

"Nilimwonea wivu," Walburga akasema, akageukia ukutani. "Mimi ninao watatu, na hakuna hata mmoja anayejua sabuni yangu inakaa wapi."

Mtu mwingine angemtupia ile shuka usoni, na nisingemlaumu. Korbinian alitoka nje, akaanika, akabana ncha zote. Hewa ilikuwa shwari, shuka haikutikisika, na bado aliisikia ile nyingine, pa, pa, karibu kabisa na sikio lake. Hofu ilimshika palepale, lakini hakukimbia. Alisimama akiisikiliza, mpaka Walburga akaita kutoka ndani.

"Korbi! Isogeze kushoto kidogo. Siioni."